Uimara wa Kisu: Titani Mbele ya Fuawe ya Koboko

Swali la insha hii ni fupi: kisu imara ni kisu gani? Maswali ya namna hii huachiwa wachinjaji na wauza vyombo, na katika masomo yetu ya historia tunapendelea mikataba, vita na marais. Hata hivyo kila nyumba ya West Nile ina kisu, tangu Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na kila kisu kina mahali kilipofuliwa, njia kilikopitia, na mtu anayeweza au asiyeweza kukitengeneza kikiharibika. Hoja yangu ni kwamba watu wa kwetu wana kipimo chao cha uimara, kwamba kipimo hicho kimetokana na historia yao, na kwamba ukikitumia unapata hukumu tofauti na ile iliyochapwa kwenye sanduku la kisu kutoka ng'ambo.

Sanduku ninalolitaja lipo kweli. Binamu yangu ni fundi wa pampu za visima katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mashariki ya Arua. Mhandisi mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake alimwachia kisu cha kukunja chenye mpini wa titani, na juu ya sanduku lake pameandikwa kwamba kimeundwa kwa kazi nzito. Kikifunguliwa kina urefu wa sentimita 22. Muuza mukene wa Arua alikubali kukiweka kwenye mzani wake, kikatoa gramu 150, uzito mdogo kuliko nilivyotazamia kwa chombo kinene kiasi kile. Ukikifungua, sehemu ya mpini wenyewe, iliyochongwa kama ulimi, huruka na kukaa nyuma ya bapa ili lisije likafunga juu ya vidole. Binamu alinikopesha kwa majuma mawili ya kiangazi, na kwa majuma hayo mawili nilikitumia kama ambavyo kisu chochote kingetumika nyumbani kwetu Koboko.

Kwanza niseme titani ni nini, maana wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Mchungaji William Gregor aliitambua katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, na Martin Klaproth wa Ujerumani akaipa jina mwaka 1795 kutokana na majitu ya hadithi za Kigiriki. Kutoka kuitambua hadi kuitoa kwa wingi ilipita karne moja na nusu, mpaka William Kroll wa Luxembourg alipobuni njia yake na kuisajili Marekani mwaka 1940. Ugumu ulikuwa hapa: titani ikipata moto mkali hunyonya oksijeni na nitrojeni kutoka hewani na kuwa kitu cha kuvunjika kama chungu. Lazima itengenezwe ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na hewa. Ikishatoka ni nyepesi (gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma cha pua kina karibu 7.8), ina nguvu na haishiki kutu. Kasoro yake ni kwamba haishiki makali vizuri. Ndiyo maana katika visu hivi bapa ni la chuma cha pua, na titani ni mpini. Anayekuambia kwamba ana kisu cha titani, kwa kawaida ana mpini wa titani.

Mtindo wa ule ulimi wa mpini una asili karibu na sisi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeutangaza ni Chris Reeve, fundi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, Marekani, na kisu chake cha mwanzo wa miaka ya 1990 alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Mchanga wenye titani nao tunao Afrika Mashariki. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium iliuchimba tangu 2013 hadi 2024 na kuusafirisha kupitia Mombasa. Sehemu kubwa ya mchanga wa aina hiyo duniani haiwi visu wala ndege; huwa unga mweupe wa kutilia rangi za kuta. Nimelitaja hili kwa sababu ni kinyume kabisa na historia ya chuma katika nchi yetu, ambamo jiwe, makaa, tanuri na mtumiaji wa jembe viliweza kuwa ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu.

Wakakwa ni ndugu wa Wabari kwa lugha, na jamii hizi zilifua chuma muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kufika kwa mashua juu ya Nile. Tanuri lilikuwa la udongo, mivukuto ilikuwa ya ngozi, moto ulikuwa wa makaa ya miti migumu. Wahunzi hawakuhitaji kuyeyusha chuma chenyewe, kazi inayotaka nyuzi 1,538. Kwa nyuzi 1,200 hivi takataka za jiwe ziliyeyuka na kutiririka, na donge la chuma likabaki la kupigwa nyundo. Nyuma ya shamba la bibi yangu, tulipokuwa tukilima muhogo, tuliwahi kuokota vipande vyeusi vyenye matundu. Bibi alituzuia kuvitupia mbuzi. Alivijua kuwa ni mavi ya chuma, ingawa hakupata kuona tanuri likiwaka maishani mwake.

Majembe yaliyotoka katika moto huo yalilimia, na kwa majirani zetu wa kaskazini yalitumika pia kulipia mahari. Lakini mhunzi mwenyewe hakupata heshima iliyolingana na kazi yake. C. G. Seligman na mkewe Brenda, katika kitabu chao cha 1932 kuhusu jamii za Sudan, wanaeleza kwamba miongoni mwa Wabari wahunzi walihesabiwa katika tabaka la chini, mbali na watu huru wenye ardhi. Nasoma maelezo hayo kwa hisia zisizo za kitaaluma tu, kwa kuwa mama yangu anatoka katika nyumba ya wahunzi na kaka yake, mjomba wangu, bado anafua Koboko. Nikiwa shule ya msingi nilisikia utani kuhusu watu wa mivukuto. Kwenye kumbukumbu za maandishi hawaonekani sana, na wanapoonekana ni kama aina ya watu, hawana majina.

Vitu vyao vilipata bahati kuliko wao. Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, magharibi ya kwetu katika nchi ambayo leo ni Kongo, alistaajabia visu vyenye bapa lililopinda kama mundu, na wasafiri waliomfuata walibeba visu vya Wamangbetu na Wazande kwa wingi hadi kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Huko vinasifiwa kwa umbo. Katika maelezo ya vitu hivyo niliyowahi kusoma, sijaona hata mara moja mtu akiuliza kama kisu kile kilikata, kilinolewa na nani, na kiliporudi kwa mhunzi kilirudi kwa sababu gani.

Mabadiliko ya kisiasa nitayapitia haraka. Eneo la Lado lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1894. Alipofariki mwaka 1909 lilirudi chini ya Sudan mwaka uliofuata, na sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, ndipo A. E. Weatherhead akaweka boma Arua. Kodi ikafuata. Ili kuipata, vijana wa West Nile walikwenda kusini, wengine kukata miwa Lugazi na Kakira, wengine jeshini katika King's African Rifles, ambako ndiko Kiswahili chetu kilipopata mizizi. Waliporudi walileta vyuma vya viwandani. Panga la Ralph Martindale wa Birmingham, lenye nembo ya mamba, lilikuwa jembamba, lilifanana na wenzake wote, na lilinunuliwa kwa mshahara. Matanuri ya udongo yakazimika.

Kisu cha kukunja nacho si kitu kipya kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu kiitwacho Okapi kwa ajili ya kuuza katika makoloni yao ya Afrika, Tanganyika ikiwemo. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, kusini magharibi ya Arua, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu kwa juhudi za Harry Johnston, aliyekuwa wakati huo kamishna wa Waingereza Uganda. Watu wa Ituri walikuwa wakimfahamu siku zote, bila shaka. Makoloni ya Wajerumani yaliisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza lakini kisu kiliendelea, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini: mpini wa mti, bapa la chuma cha kawaida kinachoshika kutu usipokifuta. Nacho kina mzee mmoja jirani yetu, ambaye pia anahifadhi kisu cha kijeshi cha kukunja cha baba yake, kizito, chenye mwiba wa kufungulia mafundo ya kamba. Baba huyo alikuwa KAR. Mwiba umenyooshwa mara mbili na bapa limekwisha kwa kunolewa hadi limekuwa jembamba kama jani la mwanzi. Bado kinakata nyama.

Sasa nirudi kwa kisu cha binamu. Katika kukata, sikuwa na la kulalamikia. Kilikata mabomba ya plastiki ya maji, kamba za katani, mashina ya tumbaku na ngozi ya mbuzi mzima bila kunolewa, na kisu cha jikoni cha mama kingeguswa jiwe mara tatu kwa kazi hiyo. Mpini haukuteleza mkononi. Jasho na damu havikuacha alama yoyote juu ya titani. Kama uimara ungekuwa kukata tu, ningeishia hapa na kukisifu.

Tatizo lilianza baada ya mbuzi. Mafuta yaliingia kwenye bawaba, vumbi la kiangazi likafuata, na kisu kikawa kinafunguka kwa kusaga meno. Kuosha hakukusaidia. Ilibidi kufungua mpini, na mpini umefungwa kwa skrubu ndogo zenye tundu la nyota ya pembe sita. Koboko sikupata bisibisi inayoingia. Nilikwenda nacho kwa mjomba.

Mazungumzo yetu yalikuwa kwa Kikakwa, nami nayafasiri. Mjomba hakukigusa makali kwanza. Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaigusisha kwenye bapa, ikashika. Akaigusisha kwenye mpini, ikaanguka. "Hiki si chuma, mwanangu," alisema. Aliniomba ruhusa, nikampigia simu binamu, naye akakubali tujaribu kwenye pembe ya klipu ya mfukoni. Mjomba ana jiwe la kunolea linalozungushwa kwa pedali za baiskeli, na huwa anatambua chuma kwa kutazama cheche zake: springi ya lori ina cheche za manjano zinazopasuka kama nyota ncha kwa ncha, nondo ya ujenzi ina cheche ndefu zisizopasuka sana. Klipu ilipogusa jiwe zilitoka cheche nyeupe, kali za kuumiza macho. Mtoto wake aliruka nyuma. Mjomba alisimamisha jiwe, akakaa akikigeuzageuza kisu kile.

"Nikikitia motoni?" aliuliza.

Nilimweleza niliyosoma kuhusu hewa na kuvunjika. Akanirudishia.

"Kizuri. Lakini kikifa, kimekufa. Siwezi kukizaa mara ya pili."

Maneno hayo ndiyo kipimo ninachokizungumzia. Katika karakana yake, kitu cha chuma hakina mwisho. Kipande cha springi ya lori huwa panga; panga likivunjika huwa kisu; kisu kikiliwa na jiwe huwa kijembe cha kuchonga mipini, na mabaki huunganishwa. Mteja wa Koboko anapochagua kisu hukitikisa kuona kama msuka umekaa sawa ndani ya mpini, kisha huuliza kimetokana na nini. Jibu linalomridhisha ni springi. Linamwambia kwamba kinaweza kunolewa, na pia kwamba kinaweza kurudi motoni.

Kuna kauli inayorudiwa tunapojadili uchumi wa ukoloni, kwamba bidhaa za viwandani ziliua ufundi wa chuma. Kwa West Nile naikubali nusu. Kilichokufa ni kuchoma mawe. Kufua hakukufa, kulihamia kwenye chakavu, na magari yaliyoletwa na utawala ule ule ndiyo yaliyokuwa machimbo mapya. Tofauti hii si ya maneno tu. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, watu wa Koboko na Arua walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu mengi, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980 na baadaye. Babu yangu mzaa mama aliondoka na nyundo, koleo na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Upande wa Sudan hapakuwa na duka la mapanga, lakini magari mabovu yalikuwepo. Mama anasema familia ilikula kwa nyundo ile. Kama ufundi ungekuwa umekufa wakati wa kodi ya kwanza, kama tunavyoandika katika mitihani, sijui wangekula nini.

Na jambo lile lile linaendelea mbele ya macho yetu, kwa mwelekeo wa kinyume. Tangu 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini wamejaa Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp, nao wamekuja na wahunzi wao. Katika Rhino Camp binamu alinipeleka kwa fundi mmoja wa upande wa Kajo-Keji anayefua visu vya jikoni chini ya turubai. Mivukuto yake ni mirija ya baiskeli na mfuko wa unga. Kisu kidogo aliniuzia kwa shilingi 5,000. Nilikifanyisha kazi zile zile: kilipoteza makali kabla sijamaliza ngozi ya mbuzi, kilishika kutu usiku mmoja, na mpini wake ulilegea. Niliurudisha msuka mahali pake kwa jiwe, nikapitisha bapa kwenye kinoo kwa dakika tano, nikaendelea.

Haifai kuwadanganya wasomaji kwa mapenzi ya nyumbani: kwa kukata, kisu cha shilingi 5,000 kimeshindwa vibaya. Mtu anayefanya kazi ya binamu, ambaye anashinda ndani ya maji na matope na hana nafasi ya kunoa kila saa, ana sababu nzuri ya kupenda titani. Hata suala la skrubu si rahisi kama mjomba alivyoliona. Nilipofika Arua mjini, kijana anayetengeneza simu karibu na soko alifungua sanduku lake, akatoa bisibisi ya nyota, na kwa shilingi 2,000 kisu kilikuwa vipande juu ya meza yake. Simu zimeleta aina mpya ya fundi, na mwanahistoria wa miaka 50 ijayo atakayeandika kuhusu vyuma vya West Nile itabidi amtafute huyo pia, la sivyo atarudia kosa la waliowasahau wahunzi.

Lakini kijana yule alipokuwa akipangusa mafuta, kisahani chembamba cha bawaba, kidogo kuliko sarafu ya shilingi 50, kiliruka mezani kikapotelea kwenye mchanga wa barabara. Tulichekecha mchanga mpaka giza likaingia. Bila kisahani hicho bapa hucheza, na ule ulimi haushiki vizuri. Kisu kinaweza kukufunga vidole. Kijana hakuwa na cha kufanya. Kuagiza kingine kutoka kwa waliokitengeneza kungegharimu kuliko kisu chochote kilichomo karakanani mwa mjomba, na anwani ya kupokea mzigo Rhino Camp ni mjadala mwingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Kisu cha titani ni kigumu na ni kigeni. Ugumu wake umetokana na viwanda ambavyo hatuna njia ya kuvifikia, kwa hiyo uimara wake unaishia pale kipande chake kidogo kabisa kinapoishia. Kisu cha springi ni dhaifu kila siku na huishi muda mrefu. Kwa mtu anayekaa mahali ambapo mara tatu katika karne moja watu wamelazimika kuanza upya kwa kilichomo mkononi, naelewa kwa nini hicho cha pili ndicho kilichoitwa imara.

Nilikirudisha kisu Koboko kikiwa kimefungwa ndani ya leso, vipande vyote isipokuwa kimoja. Mjomba alitafuta kwenye rundo lake tangi la jiko la primasi lililotoboka, akakata shaba yake kwa mkasi wa bati, akaipiga nyundo, akaisugua kwa tupa na kuijaribu zaidi ya mara kumi. Mtoto wake, mwenye miaka 14 na ambaye baba yake alikuwa ameshaanza kumtafutia nafasi ya kujifunza udereva badala ya uhunzi, ndiye aliyetoboa tundu la katikati, kwa sababu macho ya mjomba hayaoni tena vitu vidogo. Kisu sasa kinafunguka kwa ugumu kidogo kuliko zamani, lakini kinashika. Binamu anakitumia Rhino Camp. Mjomba hakutaka malipo. Aliomba nimwachie klipu iliyoharibika, na imetundikwa ukutani karibu na mivukuto, ambako huionyesha wateja kwa kuigusisha sumaku.